Dua la Kuku na Mwewe: Mabunge ya Majimbo ya Marekani Dhidi ya Vita vya Ng'ambo

Waswahili husema kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mnyonge amlaaniye mwenye nguvu, kana kwamba maneno matupu yangeweza kumwangusha mwewe kutoka angani. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi kwamba kuku anyamaze wala haisemi kwamba dua yake si ya haki. Yaeleza tu hali ya nguvu ilivyo baina ya viumbe wawili. Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja wa dua ya namna hiyo katika historia ya Marekani, yaani juhudi za wabunge wa majimbo kupinga upelekaji wa askari katika vita vya ng'ambo. Mkazo umewekwa juu ya nyakati mbili: mwaka 1970, vita vya Vietnam vilipokuwa vikiendelea, na mwaka 2007, serikali ya Marekani ilipoamua kuongeza majeshi nchini Iraki.

Neno "majimbo" lina historia yake katika masikio ya msomaji wa Kenya. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliunda mabunge ya majimbo, nayo hayakudumu. Kwa hiyo ni vyema kueleza tangu mwanzo kwamba jimbo la Marekani ni jambo tofauti. Majimbo kumi na matatu ya kwanza yalikuwako kabla ya serikali ya shirikisho, na ndiyo yaliyoiunda serikali hiyo kwa Katiba iliyoandikwa mwaka 1787. Kila jimbo lina bunge lake, gavana wake, mahakama zake na wanamgambo wake. Lakini katika jambo la vita, majimbo yalikubali kutoa mkononi mwao karibu kila kitu. Kwa Katiba hiyo, mamlaka ya kutangaza vita ni ya Kongresi, yaani bunge la shirikisho lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti; na amiri jeshi mkuu ni Rais. Bunge la jimbo halikupewa kauli.

Hapo ndipo lilipo fumbo. Asiye na kauli juu ya vita ndiye aliye karibu zaidi na nyumba zinazotoa askari. Mbunge wa jimbo huishi na watu wake, huzika nao na huarusi nao. Anapofiwa jirani kwa sababu ya vita, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa mtoto huyu alikufa kwa amri ya nani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mzazi hana kiti Washington, na aliye na kiti hicho yuko mbali.

Mizizi ya upinzani

Haingekuwa sahihi kudhani kwamba upinzani wa majimbo ulizaliwa wakati wa Vietnam. Katika vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza, Caleb Strong, gavana wa Massachusetts, alikataa kuwatoa wanamgambo wa jimbo lake wawe chini ya amri ya majemadari wa shirikisho. Mwishoni mwa mwaka 1814 wajumbe wa majimbo ya New England walikutana Hartford, jimbo la Connecticut, wakajadili kwa siri malalamiko yao juu ya vita hivyo. Bahati haikuwa yao. Mapema mwaka 1815 habari za mkataba wa amani na za ushindi wa jeshi la Marekani huko New Orleans zilienea karibu kwa wakati mmoja, na waliokutana Hartford wakaonekana mbele ya umma kuwa watu waliotaka kuisaliti nchi yao. Chama chao cha Federalist hakikuinuka tena kikawa na nguvu kama zile za awali.

Mwaka 1847 bunge la Massachusetts lilipitisha maazimio dhidi ya vita vya Meksiko. Charles Sumner, ambaye baadaye alikuwa seneta mashuhuri, ndiye aliyeyaandaa. Hoja kuu ilikuwa kwamba vita hivyo vilianzishwa na Rais kinyume cha Katiba, na kwamba shabaha yake ilikuwa kupanua eneo la utumwa. Vita havikukoma kwa sababu ya maazimio hayo. Lakini mashitaka yalikwisha kuandikwa katika kumbukumbu rasmi za bunge lililochaguliwa na watu, na hayakuweza kufutwa.

Hata hivyo, mwanahistoria mwadilifu hana ruhusa ya kusimulia upande mmoja tu. Silaha hii ya haki za majimbo ilishikwa pia na mikono michafu. Mwaka 1832 South Carolina ilidai kwamba jimbo lina uwezo wa kuitangua sheria ya shirikisho ndani ya mipaka yake. Baada ya mwaka 1954, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali ni kinyume cha Katiba, mabunge kadhaa ya kusini yalitumia hoja za namna hiyohiyo ili kuendeleza ubaguzi. Basi wabunge wa Massachusetts walipoinuka mwaka 1970 walikuwa na tatizo lisilokuwa dogo: watatumiaje mamlaka ya jimbo dhidi ya serikali ya shirikisho bila kutia nguvu hoja ya wabaguzi?

Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1970

Ili kuelewa jibu lao, ni lazima kwanza kukumbuka namna Marekani ilivyoingia Vietnam. Hapakuwa na tangazo la vita. Kilichokuwapo ni azimio lililopitishwa na Kongresi mwezi wa Agosti 1964 baada ya taarifa za mapambano ya manowari katika Ghuba ya Tonkin. Katika Baraza la Wawakilishi hakuna aliyepiga kura ya kulipinga. Katika Seneti walilipinga watu wawili tu, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Kwa azimio hilo Rais Lyndon Johnson alipata ruhusa pana ya kutumia nguvu za kijeshi. Idadi ya askari ikapanda mwaka baada ya mwaka, hata ikazidi 540,000 mwaka 1969. Miongoni mwao walikuwamo vijana wengi walioandikishwa kwa lazima.

Wazo la kutunga sheria ya jimbo juu ya jambo hili lilitoka kwa kasisi mmoja wa mji wa Lexington, John Wells. Mswada ulipelekwa bungeni na H. James Shea, mbunge kijana wa chama cha Democratic kutoka Newton. Ulipita katika mabaraza yote mawili, na tarehe 2 Aprili 1970 Gavana Francis Sargent, wa chama cha Republican, akautia sahihi. Tofauti ya vyama haikuwa kizuizi.

Sheria hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba mkazi wa Massachusetts aliye jeshini hatalazimishwa kwenda kupigana nje ya nchi katika mapambano ambayo si ya dharura, na ambayo hayakuidhinishwa wala kuthibitishwa na Kongresi kwa tangazo la vita. Sehemu ya pili ilimwamuru Mwanasheria Mkuu wa jimbo afungue shauri katika Mahakama ya Juu ili haki hiyo ilindwe. Na ikiwa mahakama hiyo itakataa kulipokea, aanze katika mahakama ya chini ya shirikisho.

Hapa ndipo ulipodhihirika werevu wa watunzi wake. Hawakumwambia askari atoroke wala gavana azuie ndege za jeshi. Hawakudai, kama ilivyodai South Carolina, kwamba jimbo ndilo hakimu wa mwisho. Walitunga sheria ili liwepo jambo la kuamuliwa, kisha wakaupeleka mgogoro kwa hakimu aliyetambuliwa na pande zote. Wala hawakudai haki mpya kwa ajili ya bunge lao. Walidai kwamba Kongresi itumie haki yake yenyewe, ambayo ilikuwa imeiacha ilale. Tofauti baina ya kuitangua Katiba na kuikumbusha Katiba imo katika nukta hiyo.

Matukio hayakusubiri mahakama. Tarehe 30 Aprili 1970 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba majeshi ya Marekani yameingia Kambodia. Siku nne baadaye, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, askari wa jimbo hilo waliwapiga risasi wanafunzi na kuwaua wanne. Yafaa kuzingatiwa kwamba waliofyatua bunduki walikuwa askari wa jimbo, waliopelekwa chuoni na gavana wao. Kwa hiyo jimbo si kimbilio la haki kwa sababu tu ni jimbo. Mwezi huohuo wa Mei Shea alifariki, umri wake ukiwa miaka 30, kabla shauri halijaamuliwa.

Shauri lilimtaja Waziri wa Ulinzi, Melvin Laird, kuwa mshitakiwa. Tarehe 9 Novemba 1970 Mahakama ya Juu ilikataa kulipokea, majaji sita dhidi ya watatu, bila kueleza sababu. Jaji William Douglas aliandika maoni marefu ya kutokubaliana na wenzake. Jaji John Harlan na Jaji Potter Stewart nao walitaka angalau hoja zisikilizwe. Shauri likaanza upya katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, likashindwa, na mwezi wa Oktoba 1971 mahakama ya rufani ikauthibitisha uamuzi huo.

Sababu za mahakama ya rufani zastahili kufikiriwa kwa makini, maana ndizo kiini cha jambo lote. Majaji walisema kwamba Katiba imeyagawa mamlaka ya vita baina ya Kongresi na Rais. Kama Rais angepigana huku Kongresi inampinga, ungekuwapo mgongano wa kuamuliwa. Lakini Kongresi ilikuwa imemuunga mkono Rais mwaka hata mwaka, hasa kwa kutoa fedha za vita. Pande mbili zenye mamlaka zikipatana, mahakama haina la kutengua. Kwa maneno mengine, atoaye posho ya safari hawezi kusema hakujua kuna safari.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina pengo. Mbunge wa Kongresi anyimaye fedha wakati askari wamekwisha kufika vitani hushitakiwa mbele ya wapigakura kwamba amewaacha watoto wao bila risasi wala chakula. Kwa hiyo kura ya fedha si kura huru kama ilivyo kura ya kutangaza vita. Hii ya pili hutolewa kabla ya damu kumwagika. Ile ya kwanza hutolewa baadaye, na maji yakimwagika hayazoleki. Massachusetts ilikuwa inaidai kura ya kutangaza vita. Mahakama iliridhika na kura ya fedha.

Bamvua au ngazi: mwaka 2007

Miaka thelathini na saba baada ya sheria ya Massachusetts, swali lilirudi. Vita vya Iraki vilianza mwezi wa Machi 2003 kwa idhini iliyotolewa na Kongresi mwezi wa Oktoba 2002. Nayo pia haikuwa tangazo la vita. Tarehe 10 Januari 2007 Rais George W. Bush alitangaza kwamba ataongeza askari zaidi ya 20,000, ingawa uchaguzi wa Novemba 2006 ulikuwa umewapa wapinzani wake wingi wa viti katika mabaraza yote mawili ya Kongresi.

Mjadala uliofuata una mafunzo makubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Wafuasi wa Rais waliuita mpango huo kwa neno la Kiingereza litumiwalo kwa mawimbi: maji yanayojaa kwa nguvu na kwa ghafla. Mtu wa pwani angesema bamvua. Na kila mvuvi anajua kwamba maji yajaayo hayana budi kupwa. Wapinzani walilikataa neno hilo, wakashika neno jingine lililozoeleka tangu Vietnam, lenye taswira ya ngazi: kupanda kidato baada ya kidato, kila kidato kikidai kingine. Katika Seneti, Waziri wa Mambo ya Nje, Condoleezza Rice, alipobanwa na Seneta Chuck Hagel wa Nebraska, aliyakwepa maneno yote mawili akachagua neno lenye maana ya nyongeza tu. Maneno matatu yalitajwa kwa jambo moja. Na kila neno lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla hoja haijaanza. Anayemiliki jina la jambo amekwisha kushinda nusu ya ubishi.

Mabunge ya majimbo yaliingia katika ubishi huo mapema. Mwezi wa Februari 2007 mabaraza yote mawili ya bunge la Vermont yalipitisha maazimio ya kutaka majeshi yaondolewe Iraki. Lilikuwa bunge la jimbo la kwanza kufanya hivyo. Mwezi huohuo Seneti ya California ilipitisha azimio la kupinga nyongeza ya askari, na maazimio ya aina hiyo yakapelekwa katika mabunge ya majimbo mengine kadhaa. Vermont ni jimbo dogo lenye watu laki sita na ushei, ambamo vifo vya askari vilikuwa vingi kwa kulinganisha na idadi ya wakazi. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Machi 2005, makumi ya miji yake midogo yalikuwa yamekwisha kupiga kura juu ya vita hivyo katika mikutano ya hadhara ya kila mwaka. Bunge lilifuata njia iliyokanyagwa na wanakijiji.

Tofauti kubwa na mwaka 1970 ni kwamba safari hii hapakuwa na uandikishaji wa lazima, kwani ulikomeshwa mwaka 1973. Badala yake palikuwa na jeshi la akiba la majimbo, warithi wa wanamgambo wa kale. Askari hawa ni walimu, mafundi na wakulima ambao gavana huwaita wakati wa mafuriko na moto, lakini Rais anaweza kuwaita kwa vita. Tufani ya Katrina ilipoipiga Louisiana mwezi wa Agosti 2005, maelfu ya askari wa akiba wa jimbo hilo walikuwa Iraki. Mwezi wa Mei 2007 kimbunga kilipouvunja mji wa Greensburg, Kansas, Gavana Kathleen Sebelius alilalamika kwamba magari na mitambo ya kuokolea watu ilikuwa vitani. Hapo vita vya ng'ambo havikuwa tena jambo la ng'ambo.

Njia ya kisheria ilikuwa imekwisha kuzibwa. Katika miaka ya themanini baadhi ya magavana walikataa askari wao wapelekwe Amerika ya Kati kwa mazoezi. Mwaka 1986 Kongresi ilitunga sheria ya kuwanyima magavana uwezo wa kukataa kwa sababu tu hawapendi mahali au madhumuni ya safari. Rudy Perpich, gavana wa Minnesota, aliipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 1990 majaji wote wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi yake. Basi wabunge wa mwaka 2007 hawakutunga sheria kama ya Massachusetts, walipitisha maazimio. Sheria huamuru, azimio husihi. Kushuka kutoka amri hadi ombi ni kipimo cha umbali ambao mamlaka yalikuwa yamesafiri kuelekea Washington.

Je, ombi hilo lilisikika? Tarehe 16 Februari 2007 Baraza la Wawakilishi la Kongresi lilipitisha azimio la kupinga nyongeza ya askari kwa kura 246 dhidi ya 182. Siku ya pili yake, katika Seneti, zilipatikana kura 56 za kuendelea na hoja hiyo ilhali zilihitajika 60. Tarehe 1 Mei Rais alitumia kura ya turufu dhidi ya sheria ya fedha iliyoweka muda wa kuwaondoa askari, kisha fedha zikatolewa pasipo sharti hilo. Askari wakaongezwa. Kura ya fedha, ambayo mahakama ya mwaka 1971 iliitegemea kuwa ngao ya umma, iligeuka tena kuwa mtego wake.

Haki yadai isemwe pia kwamba mauaji nchini Iraki yalipungua kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2007, na kwamba vikosi vya nyongeza vilirudi kati ya mwaka 2008. Wako wasemao ni kazi ya askari hao. Wako wasemao ni kwa sababu makabila ya Anbar yaligeuka dhidi ya waliokuwa washirika wao, na Muqtada al-Sadr akawaamuru wafuasi wake waweke silaha chini. Wabunge waliotabiri kwamba nyongeza haitabadili lolote vitani hawakusibu. Lakini swali la nani mwenye idhini halijibiwi kwa matokeo ya mapigano. Mwizi wa jahazi aliyefika bandarini salama bado ni mwizi wa jahazi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba dua ya kuku haikumpata mwewe, si mwaka 1847, si mwaka 1970, wala si mwaka 2007. Haifai kuvika kushindwa huko vazi la ushindi. Sheria ya mwaka 1973 iliyomtaka Rais aiarifu Kongresi ndani ya saa 48 za kupeleka majeshi vitani, na iliyopitishwa juu ya kura ya turufu ya Nixon, ilikuwa na wazazi wengi, na Massachusetts haiwezi kujidai kuwa mama yake peke yake. Wala sheria hiyo haikuzuia marais waliofuata kupigana.

Hata hivyo, mabunge hayo yalifanya kazi moja ambayo hakuna aliyewaondolea. Yalikataa kuliacha neno "vita" lipotezewe maana. Serikali iliyosema kwamba yanayopiganwa si vita, bali ni azimio, au bamvua, au nyongeza, ilijibiwa na watu waliokuwa wakipokea majeneza kwamba hivi ni vita, na kwamba Katiba imeandika ni nani wa kuvitangaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeandika kwamba Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge, na imeyaweka mambo ya ulinzi mikononi mwa serikali ya taifa, si ya kaunti. Maandishi hayo ni mazuri. Lakini Katiba ya Marekani ilikuwa na maandishi mazuri pia. Kilichopungua kilikuwa ni sauti ya wale waliopewa mamlaka, walipotakiwa kusema ndiyo au la kabla safari haijaanza. Na walipokaa kimya, kazi ya kusema iliwaangukia wasiokuwa na mamlaka.